Mti Akasema, Mti Ukaanguka

Niliwahi kuukata mti ambao sikulijua jina lake. Si kwamba nililisahau; sikuwahi kuuliza. Ulikuwa umesimama kando ya nyumba niliyokuwa nimehamia, shina lake nene kuliko kiuno changu, na kosa lake lilikuwa majani. Yalidondoka mwaka mzima, yakaziba mfereji wa paa, mvua ikinyesha maji yanachuruzika ukutani. Nikamwita fundi mwenye msumeno wa injini. Kabla hajauwasha aliinua macho, akautazama mti hadi kileleni, akaniuliza, "Mzee, huu ni mti gani?"

Nikamjibu, "Mti tu."

Kabla ya saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha. Ningependa kusema kwamba jioni ile niliona huzuni, lakini nitakuwa nadanganya. Niliona mwanga. Dirisha ambalo lilikuwa giza siku zote likawa jeupe, na alfajiri yake wale ndege wenye kelele hawakuniamsha. Nililala usingizi mzuri. Kuumia nilikuja kuumia miaka miwili baadaye, na kilichoniumiza kilikuwa hadithi ya kutungwa.

Niliipata kwa bahati. Rafiki aliyekuwa anahama aliniachia boksi la karatasi, na ndani yake mlikuwa na kurasa chache za nakala iliyochakaa, haina jalada wala utangulizi. Ni ile ya Mfaransa Jean Giono, juu ya mchungaji anayeitwa Elzéard Bouffier. Anaishi peke yake kwenye nyanda za juu zilizokauka, na kila usiku anakaa mezani kuchambua mbegu za mwaloni: yenye ufa anaitupa, ndogo anaitupa, mpaka apate 100 zilizo kamili. Kesho yake anatoka na fimbo ya chuma, anatoboa ardhi, anatia mbegu, anafukia. Basi. Vita viwili vya dunia vinapita, yeye anatoboa na kufukia.

Wengi wanaipenda kwa sababu ya msitu unaotokea mwishoni, na vijito vilivyorudi kutiririka. Mimi kilichonishika ni hesabu. Msimulizi anapokutana na mchungaji huyo, ameshapanda mbegu 100,000 kwa miaka mitatu. Zilizoota ni 20,000. Katika hizo, mwenyewe anatarajia nusu zitaliwa na panya au zitapotea kwa mambo yasiyotabirika. Zitabaki 10,000. Kuna mwaka mwingine anapanda miti ya aina tofauti, zaidi ya 10,000, na yote inakufa. Yote! Nilipofika hapo niliiweka karatasi chini, nikaenda kusimama dirishani, kwenye ule mwanga wangu. Kisiki kilikuwa bado pale. Mimi niliyeshindwa kuvumilia majani kwenye mfereji, nilikuwa nasoma habari za mtu aliyezika mbegu 90,000 ambazo hazitakuwa kitu na asione kwamba amepata hasara.

Wiki ile ile nikatafuta miche 12.

Hapa inabidi nikiri jambo. Nilidhani Bouffier ni mtu wa kweli. Kisa kina mwaka wa kuanzia, 1913, na mwaka wa kufa kwake, 1947, na mahali alipofia, na kimesimuliwa kwa sauti ya mtu anayekumbuka. Niliwasimulia watu. Nilimsimulia hata jirani aliyekuja kunilalamikia kwamba shimo la mche wangu wa tano liko karibu mno na ukuta wake. Ndipo siku moja mtu akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba hakuna Bouffier wala mfano wake. Nikaenda kusoma. Kumbe mwaka 1953 gazeti moja la Marekani lilimwomba Giono aandike kuhusu mtu wa ajabu kuliko wote aliowahi kukutana nao, akapeleka hiki. Gazeti likafanya uchunguzi, likaona mtu huyo hakuwahi kuwepo, likakataa andiko. Mwaka uliofuata likachapishwa kwingine, na Giono hakutaka malipo ya haki zake. Aliacha watu walitumie bure. Mwaka 1957, alipoulizwa na ofisa wa misitu wa kwao, alijibu kwa barua bila kuzungukazunguka: Bouffier ni mtu wa kubuni, na shabaha ilikuwa kuwafanya watu wapende miti, au kwa usahihi zaidi, wapende kuipanda.

Nilijiona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Siku kadhaa sikumwagilia chochote, kana kwamba namkomoa marehemu. Lakini miche haikuwa na habari kwamba imepandwa kwa heshima ya mtu ambaye hakuwepo. Minane ilikuwa imeshakufa, minne ilikuwa na majani mapya. Nikapiga hesabu nikiwa nimechuchumaa: kwa kiwango cha Bouffier, katika kila kumi hubaki mmoja. Mimi nilistahili mmoja na kitu, na nilikuwa na minne. Nikamsamehe. Nikachukua ndoo.

Kutokana na kisa hicho nikaingiwa na tamaa ya kuandika changu, nami niwafanye watu waipende miti. Ni kosa la kawaida la msomaji aliyeguswa. Anadhani kuguswa ni nusu ya kazi. Nikaandika hadithi fupi ya mtoto anayechonga herufi za jina lake kwenye shina la mti, kisha anakua, anaondoka, anarudi akiwa mtu mzima siku ile ile ambayo mti unakatwa. Katika hadithi yangu mti unazungumza. Unamkumbusha kivuli alichokilalia, unamlaani mwenye shoka, unalia. Na zile herufi, ili kuonyesha jinsi miaka ilivyopita, nilizipandisha juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Niliisoma kwa sauti usiku, nikatokwa na machozi. Ni dalili mbaya, lakini sikuijua wakati ule.

Mhariri niliyempelekea alinirudishia na mstari mmoja tu kwa kalamu: "Umechanganya. Ukurasa wa 3, 'mti akasema.' Ukurasa wa 9, 'mti ukaanguka.' Amua."

Nilidhani ni suala la sarufi. Nikaketi kurekebisha, nikaanza kuzipitia sentensi moja moja, na kadiri nilivyozipitia ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Sote tunayajua haya bila kufundishwa: mbu ameniuma, kunguni amejificha, mti umeanguka. Kunguni ana "a" yake, na hakuna anayemhoji ameipata wapi. Mti wa miaka elfu moja una "u", kama mkoba, kama mlango. Mimi, ili nimpe mti hadhi, nilimpandisha kwenye "a": mti akasema, mti akamkumbatia, mti akalia. Lakini kila mahali shoka lilipotokea, kalamu yenyewe, bila mimi kukusudia, ilirudi kwenye "u": ukayumba, ukapasuka, ukaanguka. Nilipomhitaji mti anisemee maneno yangu, nilimpa utu. Chuma kilipofika, nikaupokonya. Na kwenye maisha halisi sikuupa hata mara moja. "Mti tu."

Sikujua niamue nini, kwa hiyo sikuamua. Nikaipeleka hadithi kwa mama mmoja mstaafu aliyefundisha elimu ya mimea kwa miaka mingi, mtu wa maneno machache na miwani mizito. Nilitarajia anisifu kwa kuitetea miti. Aliisoma yote mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, na alipofika kwenye herufi zilizopaa akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "wewe unadhani mti unasukumwa kutoka chini kama nywele?"

Sikujibu, maana ndivyo nilivyodhani.

"Mti unarefuka nchani. Shina likishakuwa pale, linanenepa tu, halipandi. Upigilie msumari leo usawa wa kifua chako, utakufa wewe uuache pale pale usawa wa kifua." Akanionyesha kwa mkono kwenye kifua chake mwenyewe. "Herufi zitatanuka kwenda pembeni, basi. Juu haziendi."

Halafu akanirudishia karatasi na kusema neno ambalo sijalisahau: "Huyu wako si mti. Ni babu aliyevaa magome."

Niliondoka pale nimenuna. Nikiwa njiani ndipo nikaiona picha yenyewe, ile ya kweli. Mtoto wa miaka minane anachonga jina usawa wa macho yake. Miaka thelathini inapita. Anarudi, anatafuta juu, haoni kitu. Herufi ziko chini, usawa wa kitovu, zimetanuka hazisomeki vizuri, na ili azione inabidi ainame. Mti haukuzipeleka popote; aliyepanda ni yeye. Nilisimama barabarani na kucheka peke yangu. Ukweli ulikuwa umetunga hadithi nzuri kuliko mimi, na nilikuwa nimeuharibu kwa kutotazama.

Mama yule alinipa adhabu, au tuseme kazi ya nyumbani: kila siku nusu saa, kaa na mmoja wa miti yako minne, bila kalamu. Sitaipamba habari hii. Siku ya nne nilikuwa nimechoka kabisa. Mti hauna kisa. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka, ila sisimizi. Nilianza kuelewa kwa nini sisi watunzi tunakimbilia kuipa miti midomo. Tunashindwa kuvumilia kimya chao. Baadaye nilijua kwamba mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Wandersee na Schussler, waliandika makala kuhusu hali waliyoiita upofu wa mimea: mtu anatazama mahali palipojaa mimea na haioni, anaiona kama pazia la nyuma ya wanyama. Ukitaka kuijaribu hali hiyo, mwonyeshe mtu picha ya tembo aliyesimama msituni, umuulize kuna nini. Atakwambia tembo.

Kama wiki ya tatu hivi, kitu kikabadilika, na hakikuwa cha kishairi. Niligundua kovu. Tawi moja lilikuwa limevunjwa na upepo miezi ya nyuma, na kuzunguka jeraha gome lilikuwa limevimba na kuanza kujikunja kuelekea katikati, kama mdomo unaofumba polepole. Nilimwambia mama yule kwamba mti unapona. Akanisahihisha tena. Mwili wa mnyama unaponya kwa kutengeneza upya kilichoharibika mahali pale pale. Mti hauna uwezo huo. Unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyoumia ili uozo usisambae, kisha unaota mti mpya juu yake. Alex Shigo, mwanasayansi wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya magogo kwa msumeno ili kuonyesha jambo hilo. Jeraha haliondoki. Limo ndani, limefungiwa, mpaka mwisho wa mti. Nikafikiria herufi za mtoto wangu wa hadithini, na kwa mara ya kwanza nikaona kuchonga jina kwenye gome kunafanya nini: chini tu ya gome ndiko inakopita sukari kutoka majani kwenda mizizini. Ukilikata gome duara kamili kuzunguka shina, mizizi inakufa njaa huku majani yakiwa bado ya kijani.

Siku nyingine alinisimulia habari ya mwanasayansi wa zamani, Jan Baptist van Helmont, ambayo kwangu ni hadithi nzuri kuliko nyingi za kubuni. Karne ya 17, van Helmont alipanda mche wa mti wa jamii ya miti ya kando ya mito, wenye uzito wa ratili 5, kwenye chungu chenye udongo mkavu wa ratili 200 alioupima. Miaka mitano akaumwagilia maji tu. Mwishoni mti ulikuwa na uzito wa ratili 169. Akaukausha udongo, akaupima tena: umepungua kama wakia 2 tu. Mti haukuula udongo! Akahitimisha kwamba umejengwa kwa maji. Kumbe sehemu kubwa ya mwili wa mti inatoka hewani, kwenye hewa ya ukaa inayoingia kupitia vitundu vya majani. Na kinachonifanya nimhurumie ni kwamba van Helmont ndiye aliyelileta duniani neno "gesi", na gesi mojawapo aliyoichunguza ilikuwa ile inayotoka kwenye mkaa unaoungua, yaani hiyo hiyo hewa ya ukaa. Jibu lilikuwa mkono wake wa kushoto, swali mkono wa kulia, na hakuwahi kuyakutanisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki.

Nilirudi kwa mti wangu siku ile nikautazama kwa macho mengine. Kitu kilichosimama mbele yangu, kigumu cha kuvunja shoka, kilikuwa kwa sehemu kubwa ni hewa iliyoshikwa. Hakuna babu aliyevaa magome anayeweza kufanya hivyo. Nilikuwa nimejitahidi kuuinua mti hadi kimo cha mtu, na muda wote ulikuwa unafanya mambo ambayo mtu hayawezi.

Basi hapo nikawa mkorofi wa upande wa pili. Nikaanza kuzichukia hadithi zote zinazoipa mimea sauti. Hata jina la kifauongo lilinikera, ule mmea mdogo unaokunja majani ukiguswa. Kinachokufa uongo! Lugha nzima imeutungia mmea kisa cha ulaghai, nao unafunga tu majani yake. (Mama yule aliponisikia alisema mimi ndiye nina maradhi, jina hilo ni zuri na kila mtoto aliyelisikia amewahi kuinama kuugusa.)

Kuinama. Neno hilo lilinirudisha nyuma kidogo.

Kuna hadithi ya Roald Dahl ya mwaka 1949 kuhusu mtu aliyeunda mashine ya kusikia sauti zilizo juu kuliko uwezo wa sikio. Anaiwasha bustanini, jirani anakata maua, na yeye anasikia mayowe. Ni kisa cha kutisha na cha kichekesho kwa pamoja. Nilikuwa nimeshakiweka kwenye kapu la upuuzi, hadi nilipokutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Waliweka vinasa sauti karibu na mimea ya nyanya na tumbaku. Mmea uliokosa maji au uliokatwa shina ulitoa milio mifupi kama ya kupasuka, 30 hadi 50 kwa saa, juu kabisa ya uwezo wa sikio letu. Mmea usio na shida ulitoa chini ya mlio mmoja kwa saa.

Nilimpigia mama yule simu usiku. "Mama, inalia! Wamenasa!"

"Nani analia?"

"Nyanya."

Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwa subira kwamba huenda milio ile inatokana na viputo vya hewa vinavyopasuka ndani ya mirija ya maji, pale mmea unapovuta maji ambayo hayapo. Si kilio. Ni mabomba yanayokatika. "Lakini sikiliza," akaongeza, "ungelijali hilo usiku huu kama usingekuwa umesoma kile kisa chako cha mayowe?"

Nisingelijali. Hilo ni kweli. Hadithi ilikosea kuhusu mayowe, lakini ilikuwa imeshaniachia sikio. Utafiti ulipokuja ulikuta mlango wazi.

Hata hivyo, sikio hilo ni la kuangaliwa. Mwaka 1997 mtafiti wa Kanada, Suzanne Simard, na wenzake walionyesha kwamba miti ya aina mbili tofauti msituni ilikuwa ikipokezana kaboni, na nyuzi za kuvu zinazounganisha mizizi zikatajwa kuwa njia yake. Kazi nzuri. Lakini watunzi tuliichukua tukaikimbiza: mama mti anawanyonyesha watoto wake, misitu ina wivu, ina huruma, inapeana taarifa za adui. Mwaka 2023 wanasayansi watatu walipitia ushahidi wote na kuonya kwamba mengi yanayosemwa yamezidi kile kilichothibitishwa kwenye misitu halisi. Niliposoma onyo lao nilijitambua, nami nilikuwa nimeshawasimulia watu kuhusu mama mti. Hatari ninayoiona ni hii: ukimfundisha mtu aheshimu mti kwa sababu unapenda watoto wake, siku atakapoambiwa haupendi, atauliza shoka liko wapi.

Wala jina peke yake halitoshi, wala hadithi peke yake. Katika jimbo la Nevada, Marekani, karibu na kilele cha Wheeler, palikuwa na msonobari mzee ambao wapenzi wa milima waliubatiza Prometheus, kwa jina la yule wa ngano za Kiyunani aliyeiba moto wa miungu. Kwenye daftari la mtafiti mmoja kijana mti huo ulikuwa WPN-114, sampuli yake ya 114. Mwaka 1964, kwa kibali cha wenye mamlaka, ulikatwa ili umri wake ujulikane. Zikahesabiwa duara zaidi ya 4,800. Haukuwa umewahi kujulikana mti mzee kuliko huo. Huwa najiuliza kama yule kijana naye aliulizwa na mwenye msumeno, "Huu ni mti gani?" na kama naye alijibu kwa namba.

Nikarudi kwenye hadithi yangu baada ya karibu mwaka mzima. Swali la mhariri lilikuwa bado linanisubiri pembeni mwa ukurasa: a au u? Nilisoma mahali kwamba Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, katika barua ya mwaka 1955, alieleza kuwa wale wachunga miti wake wanaotembea walizaliwa na hasira ya shuleni. Alipoisoma tamthilia ya Shakespeare, Macbeth, alitarajia msitu uje kweli kupigana, akakuta ni askari tu waliobeba matawi. Nilimwelewa sana. Nami nilitaka msitu uje. Ila kila nilipouita kwa "a" walikuja askari waliobeba matawi.

Nikafanya jambo la kitoto: nikachukua karatasi nikaandika majina yote niliyoyakumbuka yanayokaa ngeli moja na mti, nikitaka kujihakikishia kwamba ni ngeli ya vyombo. Mkoba. Mlango. Mkeka. Msumeno, naam. Kisha yakaja mengine yenyewe. Mto. Mlima. Moto. Mwezi. Mwaka. Mkono. Mwili. Na moyo. Niliitazama orodha ile kwa muda mrefu. Hatusemi "moyo wangu anadunda". Tunasema unadunda, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba kwa kusema hivyo tumeudharau.

Nikafuta kila "akasema". Mti katika hadithi yangu haukusema tena neno lolote. Ukabaki na "u" yake toka ukurasa wa 1 hadi wa 9, nami nikautendea kama ulivyo: unavuta maji bila moyo wa kuyasukuma, unajenga ukuta kuzunguka herufi za mtoto, unanenepa juu yake, unadondosha majani kwenye mfereji. Mtu mzima anarudi. Anatazama juu, haoni. Anainama. Hapo ndipo ilipoishia. Shoka niliishia kuliondoa, maana niliona halina kazi. Mhariri aliichukua. Msomaji mmoja aliandika kulalamika kwamba hakuna kinachotokea, na sina ugomvi naye.

Katika miche yangu 12 sasa imebaki mitatu, wa nne uliliwa na mchwa mwaka jana. Majina yake nayajua yote, ya mtaani na ya kisayansi. Ule wa kwanza, uliokuwa kando ya nyumba, sijui mpaka leo. Niliwauliza majirani wa zamani. Mmoja alisema hiki, mwingine kile, na kisiki kilishaoza. Haipo hata picha. Ziko picha za nyumba ambazo ukingo wake una kijani kidogo.

Mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, aliisoma hadithi na hakukubali. Alisema haiwezekani herufi zisipande, mbona yeye anapanda. Alitaka kupigilia msumari ili tuone, nikamzuia; akataka kufunga kamba, nikamweleza shina litakavyonenepa na kamba italikaba. Tukakubaliana atumie kovu, lile la tawi lililovunjwa na upepo. Alipima kutoka ardhini kwa futi ya mshonaji, akaandika kwenye daftari: sentimita 94. Kila akija likizo anapima upya, na anaponishuku nadanganya ananiagiza nipime mimi huku tukiwa kwenye simu, anasikiliza.

Mara ya mwisho alipokuja mti ulikuwa umempita kimo, na kovu lilikuwa limefumba kabisa. Alilitafuta kwa vidole. Akachuchumaa, akavuta futi, akaisoma mara mbili.

"Mjomba, 94."

"Na wewe umefika ngapi?"

Akasimama wima akiegemeza mgongo kwenye shina ili nimpime.

"Subiri," akasema, "nivue viatu."